Siku Xiu Alipotoweka Kiooni

Ugomvi ulianzia kwenye pazia. Yulian analifunga, mama mkwe wake analifungua.

"Mama, sioni ninachoandika."

"Kwani jua linalipiwa?" Mama Guizhen alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, mkono mmoja tu umetoka, umeshika pindo la pazia. "Nani amekuambia jua linalipiwa? Fungua. Mifupa inaganda."

Nyumba za Yichang hazina mabomba ya joto. Majira ya baridi yakiingia, jua la adhuhuri linalopenya roshani ndilo jiko la mtu asiye na kitu, na hakuna mwenye akili timamu anayelifungia nje. Yulian alilijua hilo vizuri. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimekufa ganzi juu ya vitufe. Lakini kazi yake ilikuwa kujibu wateja wa duka la viatu la mtandaoni, na kompyuta aliyoachiwa na binti yake Ting alipokwenda kusoma Wuhan ilikuwa na kioo king'aavu kama sahani iliyotoka kuoshwa. Jua likipiga, maneno ya wateja yalipotea, akabaki anaona roshani, nguo zilizoanikwa, na uso wake mwenyewe uliokunja ndita. Kuhamia chumba cha kulala hakuweza. Mama hakuwa mtu wa kuachwa peke yake sebuleni. Mara mbili alikwisha fungua gesi bila kuiwasha.

Wiki ile mteja mmoja aliuliza kama viatu vilivyokwisha kuvaliwa vinarudishwa. Yulian, macho yakimtoka machozi kwa mwako, alidhani ameulizwa kuhusu viatu ambavyo havijavaliwa. Akajibu, "Ndiyo mpendwa, rudisha tu." Msimamizi wake, msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye hawakuwahi kuonana ana kwa ana, hakumwita pembeni. Aliandika kwenye kundi la wafanyakazi wote: "Dada Yulian, kama macho yamezeeka tuambie tutafute vijana." Wenzake wakaweka emoji za kucheka. Yulian naye akaweka emoji ya kucheka. Kisha akaenda msalani, akafungua bomba, akakaa huko mpaka macho yalipokauka.

Lakini kioo kile kilikuwa na habari nyingine pia.

Mwanzoni mwa baridi, siku moja wakati wa mapumziko ya mchana, Yulian alikuwa jikoni anakata figili akasikia Mama anazungumza sebuleni. Hakuwa anajisemea kama kawaida yake. Alikuwa anauliza, ananyamaza, halafu anacheka.

"Umekonda, Xiu. Pale kantini hawakupi nyama? Usiwe bubu, ukipanga foleni sukuma."

Yulian aliweka kisu chini. Xiu alikuwa Guixiu, mdogo wake Mama, aliyefanya naye kazi kiwanda cha nyuzi na kufa kwa homa kabla hajafikisha miaka ishirini, zamani sana, Mama akiwa bado hajaolewa. Yulian alichungulia. Kompyuta ilikuwa imejizima kwa kukaa bila kuguswa, na Mama amekaa mbele yake, mikono mapajani kama msichana aliyetembelewa bwenini. Yulian alisogea nyuma yake taratibu. Ndani ya kioo cheusi alikuwamo Mama mwenyewe, hafifu, mwanga wa roshani ukiwa mgongoni. Mikunjo yote ilikuwa imemezwa na ule weusi. Hata Yulian, mwenye akili zake, kwa kitambo kidogo aliona msichana.

Jioni alimweleza mumewe. Jianbing alikuwa fundi wa lifti, alirudi kila siku ananuka grisi. Kwanza alicheka, halafu akaweka vijiti vyake chini.

"Mwache, mama Ting. Amepata mtu wa kuongea naye. Sisi tunaongea naye nini? Kula, lala, vaa."

Basi ikawa hivyo. Kila mchana Yulian alisema, "Mama, mgeni wako amefika," akaingia jikoni. Mama alikaa na Xiu wakasengenya wasimamizi wa kiwanda waliokwisha kuoza kaburini, na katika saa ile hakugusa gesi, hakujikojolea, wala hakulia kwamba anataka kurudishwa kwao. Akimenya chungwa, nusu aliiweka mbele ya kioo. Jioni Yulian aliila ile nusu akiwa amesimama kwenye sinki. Aliona aibu kidogo kumtumia marehemu kama yaya, lakini ilikuwa aibu ya kupita.

*

Jumapili, Jianbing akiwa nyumbani, Yulian aliitia kompyuta kwenye mfuko wa mboga akaenda nayo kwenye daraja la waenda kwa miguu karibu na hospitali ya wazazi. Pale alikaa dada Fu, mwanamke wa kinywa chepesi, na kimeza chake cha makava ya simu na maprotekta.

"Hii nayo inabandikwa?" Yulian aliuliza.

"Dada yangu, mimi hata dirisha la ndege nabandika, kikubwa wateremke nalo. Unataka ya kung'aa au isiyong'aa?"

"Isiyong'aa. Jua linanimaliza."

Dada Fu aliigeuza kompyuta huku na huku, akakifuta kioo kwa spiriti, akaanza kudokoa vumbi kwa utepe wa gundi. "Nikuambie mapema usije kunidai. Nikishaiweka hii, kioo kinakuwa kama ukuta. Hutajiona humu hata kivuli. Kuna mwanamke alinirudishia, alikuwa anajipaka rangi ya mdomo humo humo kazini."

"Nijione nina nini? Nimejichoka."

"Mumeo je?"

"Yeye kanichoka kabla yangu."

Wakacheka wote wawili. Dada Fu aliilaza protekta kutoka pembe moja, akaisukuma kwa kadi, na mapovu yakakimbilia ukingoni yakaisha. Yulian alilipa bei ya bakuli tatu za tambi bila kubembeleza, jambo ambalo si kawaida yake. Aliiwasha kompyuta pale pale juani. Kila neno lilikuwa limesimama mahali pake. Alijisikia mwepesi, akanunua machungwa njiani, na alipofika nyumbani akamwonyesha Jianbing, akimgeuzia kioo roshani kama mtu anayeonyesha kitenge kipya.

Jumatatu asubuhi pazia lilikuwa wazi lote. Mama aliota jua akasinzia. Yulian alijibu wateja bila kukosea hata mmoja, na msimamizi akaandika kundini, "Dada Yulian leo moto!" Nyumba ilikuwa na amani hadi mchana.

Kompyuta ilipojizima, Mama akaja na kiti chake.

"Xiu?"

Yulian alisikia kutoka jikoni, hakutia maanani.

"Xiu. Fungua mlango."

Halafu sauti ya kucha zinazogonga plastiki. Yulian alitoka na upawa mkononi. Mama alikuwa amekivuta kioo karibu na pua, anakifuta kwa mkono wa sweta, anaangalia, anakifuta tena. Kilikuwa cheusi kama ubao wa shule ambao mwalimu ameufuta akaenda zake.

"Umemfukuza," Mama alisema.

"Nani, Mama?"

"Mdogo wangu. Umemwambia nini? Umemwambia chakula hakitoshi?"

"Mama, mimi sijasema kitu."

"Ana aibu yule. Ukimnunia tu, anaondoka. Vijisehemu vya machungwa ndivyo vimekuuma?"

Yulian alikimbilia msalani akaleta kioo cha kujitazamia. "Huyu hapa Mama, tazama, Xiu huyu hapa." Mama alitazama, akapiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta. Ndani ya kioo kile, kwenye mwanga kamili, kulikuwa na kizee kisicho na meno ya mbele.

"Nani huyu? Mtoe! Mtoe ndani ya nyumba yangu!"

*

"Bandua," Jianbing alisema jioni ile. Mama alikuwa amelala na uso wake umevimba kwa kulia.

"Nikibandua narudi kule kule. Wanasubiri nikosee mara moja tu."

"Basi funga pazia."

"Na akiganda? Dada yako akija akamkuta ana midomo ya buluu, utasimama wewe kujibu?"

Jianbing alisukuma bakuli lake pembeni. Dada yake, Min, alikaa ng'ambo ya mto katika nyumba yenye kiyoyozi kila chumba, akaja mara moja kwa mwezi na matunda ya bei mbaya, akapitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi.

"Tungoje siku mbili tatu," Yulian alisema. "Anasahau kila kitu. Atasahau na hili."

Jianbing aliitikia kwa kichwa. Maneno hayo yalimfaa na yeye, maana alikuwa amechoka.

Mama hakusahau. Alisahau kwamba amekula, alisahau jina la mjukuu wake, lakini kila mchana alisimama mlangoni amevaa kofia yake ya sufu, mkono kwenye kitasa. "Zamu yake imekwisha. Mbona harudi?" Yulian alimrudisha kitini. Juu ya mlango Jianbing alikuwa ameweka komeo ambalo Mama asingelifikia.

Siku ya mauzo makubwa ya kufunga mwaka ilianza na mvua. Mvua nyembamba, ya baridi, isiyokatika. Jua halikuwapo hata chembe, na kioo kingeweza kung'aa kitakavyo bila kumdhuru mtu. Wateja walimiminika. Saa za asubuhi aligonga mleta vifurushi, Yulian akapokea, akausukuma mlango kwa kiwiko, akarudi mbio mezani kwa sababu kompyuta ilikuwa inalia. Komeo la juu hakulifunga.

Aliandika, akaandika. Ndiyo mpendwa, bado ipo. Hapana mpendwa, nyeusi imekwisha. Alipoinua kichwa kutaka maji, blanketi lilikuwa sakafuni na kiti kitupu.

Aliteremka ngazi na kandambili. Chini, kwenye ukumbi wa ngazi, wazee walikuwa wanacheza majongo, mchezo wao wa vigae, kama kila siku.

"Mmemwona mama yangu?"

"Si kapita," alisema mzee Lei, kipande cha mchezo kikiwa hewani. "Tukamwuliza unakwenda wapi na mvua hii, akasema anamfuata mdogo wake, zamu imekwisha. Tulijua uko nyuma yake."

"Mkamwacha tu?"

Mzee Lei aliteremsha mkono. "Mwanangu, alikuwa anacheka. Tangu lini tumemwona anacheka?"

Polisi waliangalia kamera, wakamwona anaingia kwenye basi, wakamwona anateremka, wakampoteza kwenye mvua. Jianbing aliacha lifti ikiwa wazi ghorofa ya kumi na moja akaja na nguo za kazi. Walizunguka mitaa wakiita, naye Yulian alikuwa na picha ya Mama kwenye simu, akiwaonyesha watu ambao hawakuacha kutembea. Simu yenyewe iliendelea kutetemeka mkononi. Msimamizi alikuwa anauliza: uko wapi, wateja arobaini wanangoja, uko wapi.

Alipatikana giza likianza kuingia, penye lango la kupokelea mizigo la jengo kubwa la maduka. Jengo hilo liko mahali palipokuwa kiwanda cha nyuzi. Alikuwa amekaa juu ya kreti, koti la mlinzi mabegani, kandambili moja mguuni na nyingine haipo.

Mlinzi, kijana wa watu, alijitetea kabla hajaulizwa. "Kafika hapa anamtafuta mtu anaitwa Guixiu. Mimi najua nini? Nikamwambia hapa hakuna wa jina hilo. Akang'ang'ania, akasema atangoja getini. Ndipo akaja mzee wetu wa kufagia, zamani alikuwa humu humu kiwandani. Yeye akamwambia, Guixiu wa chumba cha kusokota? Mbona alikufa yule, siku nyingi. Hakuwa na nia mbaya, jamani. Alidhani anamsaidia."

Yulian alipiga magoti mbele ya kreti. "Mama."

Mama alimtazama. Midomo yake ilikuwa buluu. "Xiu amekufa," alisema. "Kumbe amekufa, na nyinyi mlijua."

*

Hospitali walisema ni mapafu. Mama alilia kwa siku zote alizokuwa na nguvu ya kulia, na kilio chake hakikuwa cha mtu mwenye kumbukumbu. Kilikuwa cha mtu aliyeletewa habari asubuhi hiyo hiyo.

"Mmemzika bila mimi."

"Mama, ulikuwapo," Jianbing alimwambia, amemshika mkono wenye sindano. "Uliniambia mwenyewe nilipokuwa mdogo. Ulimvika sweta lako."

"Mwongo. Sweta langu liko wapi basi?"

Yulian alirudi nyumbani siku ya pili, akakaa mbele ya kompyuta, akaitafuta pembe ya protekta kwa ukucha. Ilitoka yote kwa mara moja, kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Aliifuta gundi kwa spiriti ya Mama ya kuchulia miguu, akaibeba kompyuta hadi wodini, akaitega juu ya meza ya kitanda, kioo cheusi kimemwelekea Mama.

"Mama," alisema. "Tazama nani amekuja."

Mama aligeuza kichwa. Alikiangalia kioo muda mrefu, na Yulian akashusha pumzi.

"Ondoa," Mama alisema. "Usiniwekee picha ya maiti."

Akageukia ukuta. Hakuuliza habari za Xiu tena, wala za mtu mwingine yeyote. Alfajiri moja, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya Mwaka Mpya, aliacha kupumua wakati muuguzi anambadilisha shuka.

Min alifika na koti refu, viatu vyake vikilia kwenye korido. Alikuwa amekwisha kusimuliwa juu juu na kaka yake kwenye simu.

"Kwa ajili ya plastiki," alimwambia Yulian. "Mama yangu amekufa kwa ajili ya kipande cha plastiki."

"Wifi, punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Usinifundishe! Ulikuwa humwangalii, ulikuwa unaangalia viatu!"

Yulian alimtazama mumewe. Jianbing alikuwa anaangalia sakafu kama mtu aliyeangusha skrubu. Lile ndilo lililomuuma Yulian, kuliko maneno ya wifi yake.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa naangalia viatu. Na miaka minne hii nimemwosha, nimemlisha, nimefua mashuka yake. Wewe uliwahi kukaa naye mchana mmoja, wifi? Mchana mmoja tu? Ungekaa, ungemkuta Xiu."

"Xiu ndiye nani?" Min aliuliza.

Min alisubiri, akatazama huyu na huyu, kisha akakaa kwenye benchi la korido, mkoba wake mzuri ukaanguka, naye hakuuokota.

*

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la mavazi ya maiti. Waliingia wote watatu. Mwenye duka aliwatolea vazi la bluu, mto, shuka la hariri, na viatu vya kitambaa vyenye ua la yungiyungi ubavuni.

"Anavaa namba ngapi?"

"Thelathini na saba," alisema Min.

"Hapana, miguu yake midogo," alisema Jianbing. "Sijui. Midogo."

Mwenye duka alimgeukia Yulian. Yulian, ambaye kwa siku aliwaambia watu mia mbili namba za viatu vyao, alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mama alikuwa anavaa kandambili zozote zilizokuwa mlangoni. Alikuwa haendi mahali.

"Jamani wafiwa," mwenye duka alisema kwa upole uliochoka, "ni mama wa nani huyu?"

Yulian alivuka barabara peke yake. Mhudumu alimfungulia chumba cha maiti, akasimama pembeni. Alifunua shuka upande wa chini. Unyayo ule uliokosa kandambili ulikuwa na mchaniko ulioanza kukauka na usingekauka tena. Aliupakata mkononi mwake, akapima kutoka kisiginoni hadi kidole gumba: shibiri moja na vidole viwili. Ulikuwa mwepesi sana. Aliushika mpaka mhudumu akakohoa.

"Thelathini na tano," alisema aliporudi dukani. Min aliichukua jozi ile kutoka kwa mwenye duka, akaibeba mwenyewe, ameikumbatia kifuani, hadi hospitali.

*

Msimamizi alituma ua la rambirambi kundini, na chini yake akauliza Yulian anarudi lini. Alirudi baada ya sikukuu. Jianbing alimnunulia taa, akamfungia rafu ya meza kwa skrubu nne, akaifunga na kuifungua mara mbili ingawa ilikuwa imenyooka. Kuhusu siku ile ya korido hakusema kitu. Yulian naye hakumwuliza. Walikula, wakasema chumvi imezidi au haikuzidi.

Mchana wa siku ya tatu mteja mmoja aliandika: "Nataka viatu vya mama. Ni mzee, hakumbuki namba yake, na mimi siijui. Nifanyeje?"

Jibu la duka lilikuwa tayari, la kubonyeza tu: mpendwa, tazama jedwali letu la vipimo. Yulian alikipeleka kidole, akakirudisha. Sheria ilikuwa ajibu kabla nusu dakika haijaisha. Aliandika kwa herufi zake.

"Yuko karibu nawe?"

"Yuko hapa, anaota jua."

"Basi usimwulize. Piga magoti, umvue soksi, uuweke mguu wake juu ya kiganja chako. Pima kwa shibiri. Halafu niambie."

Alama nyekundu ya kuchelewa ilianza kuwaka na kuzima pembeni mwa kioo, kisha jina la msimamizi likatokea: dada Yulian, huyo mteja mmoja unafanya naye nini? Hakulifungua.

Maneno ya mteja yalikuja polepole, kama ya mtu anayeandika kwa mkono mmoja.

"Anacheka. Anasema namtekenya."

Yulian alisoma. Akaondoa mikono juu ya vitufe, akaiweka mapajani, akangoja aambiwe kipimo.